Somo la 9: Mlo wa Watu wa Mapangoni

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 1:29, 3:18, 19, 4:2, 9:3, 4, Mit. 25:16, Eze. 4:9–17, Dan. 1:8–16, Yn. 21:9–13, Rum. 14:1–4, 1 Kor. 6:19, 20.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 10:31.

Fikiria mama shemasi wa makamo katika kanisa la mjini. Kwa miaka mingi amekuwa mnene, magoti yanamuuma akipanda ngazi, na mwaka uliopita daktari alimwambia kuwa sukari yake imepanda, akamwandikia vidonge. Binti yake akamtumia kwenye simu maelezo ya mlo unaoitwa paleo: hakuna ugali, hakuna wali, hakuna mkate, hakuna maharage, hakuna maziwa, hakuna sukari. Kula nyama, samaki, mayai, mboga, matunda na korosho. Baada ya miezi miwili magauni yanampwaya. Siku ya Sabato, kwenye chakula cha pamoja baada ya ibada, anapita sufuria la maharage bila kuligusa na kufungua kibakuli chake cha kuku wa kuchoma. Wengine wananong'ona. Wengine wanamvuta pembeni wamwulize siri yake.

Yeye mwenyewe ana swali ambalo hajamwambia mtu. Tangu utotoni alifundishwa kuwa nafaka, kunde, matunda na mboga ndicho chakula alichotoa Mungu. Sasa ameacha nafaka na kunde, na mwili umepungua. Je, alifundishwa vibaya?

Juma hili tutalichukua swali lake kwa uzito. Halijibiwi kwa minong'ono, wala kwa kumsomea mafungu peke yake. Inatupasa tuone Maandiko yanasema nini, na pia tuangalie kwa haki ni kitu gani hasa kilichompunguza.

JUMAPILI
Mlo Huu Umetoka Wapi?

Mlo wenyewe si wa kale kama jina lake. Mwaka 1975 daktari Mmarekani wa magonjwa ya tumbo, Walter Voegtlin, alichapisha kitabu juu ya chakula cha zama za mawe. Miaka 10 baadaye Boyd Eaton na Melvin Konner waliandika makala katika New England Journal of Medicine, wakasema kwamba magonjwa mengi ya nchi tajiri yanatokana na mwili wa mwindaji kulishwa chakula cha kiwandani. Kisha mwaka 2002 Loren Cordain wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado akatoa kitabu kilicholieneza jina la paleo duniani.

Hoja yao ni hii. Mwanadamu aliishi muda mrefu sana kwa kuwinda na kuokota matunda na mizizi. Kilimo, kwa hesabu yao, kilianza kama miaka 10,000 iliyopita, na mwili haujapata nafasi ya kuzoea nafaka, kunde na maziwa. Basi arudi kwenye chakula cha mwindaji. Cordain alikataza hata viazi na mihogo.

Hapa kuna madai mawili, na ni vizuri kuyatenganisha mapema. La kwanza ni la historia: mwanadamu alitoka wapi na alikula nini. La pili ni la mwili: mtu akila hivi, atapata afya? La kwanza linaweza kuwa si kweli, na la pili likawa na ukweli ndani yake. Wanaoupenda mlo huu huchanganya mawili haya, na wanaoupinga kanisani nao huchanganya vilevile.

JUMATATU
Bustani na Shamba

Soma Mwanzo 1:29, 3:18, 19, 4:2 na 9:3, 4. Mafungu haya yanaonyesha mpangilio gani wa chakula cha mwanadamu?

Biblia haianzii pangoni. Chakula cha kwanza ni mimea itoayo mbegu na matunda ya miti, nacho kinatolewa kabla ya dhambi kuingia. Baada ya dhambi zinaongezwa mboga za shambani, pamoja na jasho la kuzipata. Mtoto wa kwanza aliyezaliwa duniani anatajwa kuwa mkulima, na mdogo wake mchungaji wa mifugo. Nyama inaruhusiwa baada ya gharika, na ruhusa yenyewe inakuja na mpaka, yaani damu isiliwe. Kwa anayeiamini habari hii, kilimo hakikuingia kwa mwanadamu kama mgeni wa jana.

Kwa hiyo historia ya paleo na historia ya Mwanzo haziwezi kukaa pamoja, wala haifai kujifanya kwamba zinapatana.

Lakini hata ndani ya hesabu za wachimbuaji wenyewe hoja hiyo ina nyufa. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba kaskazini-mashariki mwa Yordani, mahali paitwapo Shubayqa, wamekuta katika meko ya kale mabaki ya mkate yaliyoungua. Kwa kipimo chao mabaki hayo yana miaka zaidi ya 14,000, yaani yametangulia kilimo kwa miaka ipatayo 4,000. Mwadventista ana maswali yake kuhusu miaka hiyo. Hata hivyo, anayeikubali hana budi kukubali pia kwamba mwindaji alisaga nafaka na kuoka.

Soma Danieli 1:8–16. Danieli aliomba chakula gani, na alikubali kupimwa kwa namna gani?

Biblia yetu ya Kiswahili inasema mtama. Neno la Kiebrania ni pana zaidi. Lina maana ya vitu vinavyopandwa kwa mbegu, na kunde zimo. Vyote viwili, mtama na kunde, paleo ingeviondoa mezani pa Danieli. Angalia pia kwamba Danieli hakumhubiria mkuu wa matowashi. Aliomba siku 10, kisha mtu asiye wa imani yake alinganishe nyuso na kuamua. Alikuwa tayari matokeo yaonekane na kupimwa, na juma hili ni haki kuupima mlo wa mama shemasi kwa njia hiyo hiyo.

Ni vema pia kujihadhari tusidai zaidi ya yaliyoandikwa. Ezekieli 4:9, pamoja na mchanganyiko wake wa nafaka na kunde, siku hizi hutumiwa kuuza mikate ya afya. Ukisoma mpaka fungu la 17 utaona kuwa kilikuwa chakula cha mji uliozingirwa, kinapimwa kwa mizani, kinaliwa kwa hofu. Na katika Yohana 21:9–13 ni Yesu mwenyewe, baada ya kufufuka, aliyewaandalia wanafunzi samaki na mkate. Mama shemasi hajatenda dhambi kwa kula kuku. Swali lake ni jingine.

JUMANNE
Watu wa Ziwa Eyasi

Mtu akitaka kujua wawindaji wanakula nini, si lazima akisie kwa kuangalia michoro ya mapangoni. Kaskazini mwa Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe. Ni watu elfu moja na kidogo, na baadhi yao bado wanapata sehemu kubwa ya chakula chao kwa kuwinda, kurina na kuchimba. Watafiti wameishi nao kwa miongo mingi, wakapima na kuandika.

Chakula chao si nyama tupu. Wanawake huchimba mizizi kwa vijiti vilivyochongwa. Huokotwa ubuyu na matunda madogo ya porini. Wanaume huleta nyama wanapobahatika, na hupanda mibuyu kutafuta asali. Walipoulizwa wanapenda nini zaidi, asali ilishika nafasi ya kwanza na mizizi ya mwisho. Lakini mizizi ndiyo inayopatikana majira yote. Wanga upo, na utamu upo. (Soma Mithali 25:16. Hekima ya fungu hilo ni katika kipimo, maana asali yenyewe haikukatazwa.)

Mwaka 2012 timu ya Herman Pontzer ilipima nguvu ambayo mwili wa Mhadzabe hutumia kwa siku. Ilitarajiwa kwamba watu wanaotembea vile, wanaochimba vile, watatumia nguvu nyingi kuliko mfanyakazi wa ofisini Marekani au Ulaya. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, tofauti haikuonekana. Basi wembamba wao haufafanuliwi kwa kutembea tu, ingawa kutembea kuna faida nyingine nyingi kwa moyo na mishipa. Hilo linaelekeza macho kwenye sufuria: chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, kinachotafunwa kwa muda mrefu, ambacho hakuna kiwanda kilichokilainisha na kukitia sukari.

Isidhaniwe kwamba pale ni Edeni. Vifo vya watoto wadogo ni vingi, na ardhi yao inazidi kubanwa. Nao ni Watanzania wa leo, majirani wenye maisha yao. Si picha ya watu wa kale iliyosahauliwa porini.

Mfano wa pili unatoka mbali, kisiwa cha Kitava huko Papua New Guinea. Karibu na mwaka 1990 daktari Msweden Staffan Lindeberg aliwachunguza watu wa kisiwa hicho, akakuta kiharusi na magonjwa ya mishipa ya moyo karibu hayapo kabisa, na wazee hawana vitambi, ingawa wengi wao walivuta tumbaku. Lindeberg baadaye akawa mtetezi mkubwa wa mlo wa paleo. Lakini watu wa Kitava walikula nini? Viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, nazi na samaki. Zaidi ya nusu ya nguvu ya mwili wao ilitoka kwenye wanga, na viazi vile walivilima wenyewe. Ukiufuata ule mlo wa Colorado, mtu wa Kitava angenyang'anywa chakula chake kikuu.

Je, ni kitu gani ambacho Wahadzabe na watu wa Kitava hawakuwa nacho, wote wawili, ambacho jiko lako linacho?

JUMATANO
Je, Unapunguza Mwili?

Unapunguza. Mwalimu wa darasa la Shule ya Sabato asione haya kusema hivyo.

Mwaka 2007 Lindeberg na wenzake walitoa matokeo ya jaribio walilofanya Sweden kwa wanaume 29 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, ambao sukari yao pia ilikuwa na matatizo. Kwa wiki 12 kundi moja lilikula mlo wa paleo, na jingine mlo unaofanana na ule wa nchi za Bahari ya Kati, wenye nafaka zisizokobolewa na maziwa yenye mafuta kidogo. Kiuno cha kundi la paleo kilipungua kwa wastani wa sentimita 5.6, cha kundi la pili sentimita 2.9, na sukari ya kundi la paleo ilishuka vizuri zaidi. Ni matokeo mazuri. Lakini watu 29 ni wachache, na wiki 12 si maisha.

Jaribio lililokwenda mbali zaidi lilifanyika Umeå, kaskazini mwa Sweden, likachapishwa mwaka 2014. Wanawake 70 wanene, waliokwisha kukoma hedhi, waligawanywa makundi mawili: paleo, na mwongozo wa kawaida wa lishe wa nchi za kaskazini mwa Ulaya. Walifuatwa kwa miaka 2. Baada ya miezi 6 kundi la paleo lilikuwa limepoteza kilo 6.5 za mafuta ya mwili, la pili kilo 2.6. Mtu angefunga daftari hapo na kuandika kitabu. Miezi 24 ilipotimia, kundi la paleo lilikuwa limebaki na upungufu wa kilo 4.6, na la pili lilikuwa limefikia kilo 2.9, kwa takwimu, tofauti hiyo haikutosha kusema moja limeshinda jingine. Faida moja iliyodumu ni kwamba aina fulani ya mafuta katika damu, iitwayo trigliseridi, ilibaki chini zaidi kwa kundi la paleo.

Mama shemasi yuko katika mwezi wa pili. Hapo ndipo karibu kila mlo hushangilia.

Sasa, ni nini kinachopunguza? Majaribio mengine mawili yanatusaidia, na hakuna hata moja lililohusu watu wa kale. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa mwaka mzima, nusu wakipunguza mafuta, nusu wakipunguza wanga. Makundi yote mawili yaliambiwa jambo moja: acheni sukari na unga uliokobolewa, kuleni mboga nyingi, pikeni nyumbani. Mwisho wa mwaka wa mafuta kidogo walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kidogo kilo 6.0. Kwa takwimu, hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, katika taasisi za taifa za afya za Marekani, waliwaweka watu 20 wodini kwa mwezi. Wiki mbili walikula vyakula vya kiwandani vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vya asili. Sahani zililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu alikula mpaka aliporidhika. Kwenye chakula cha kiwandani walikula zaidi kwa kalori zipatazo 500 kila siku, wakanenepa karibu kilo moja. Kwenye chakula cha asili wakapungua kiasi hicho hicho.

Mama shemasi alipoacha ugali na maharage, vilevile aliacha soda mbili za kila siku, maandazi ya saa nne, chapati za jioni, biskuti za wajukuu na chai ya vijiko vinne vya sukari. Akaanza kula mboga mara tatu. Yote hayo aliyafanya siku moja, kisha sifa zote zikaenda kwa kuku wa kuchoma, na lawama zikaangukia maharage.

ALHAMISI
Sufuria la Maharage

Wanaoyashitaki maharage wana jambo moja la kweli. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu iitwayo lektini, na kiganja kimoja cha maharage ambayo hayajaiva kinaweza kumtapisha mtu mzima. Kuyaloweka, kumwaga maji na kuyachemsha vizuri huiharibu. Kila mama anayeloweka maharage usiku na kuyachemsha mpaka yalainike ameshamaliza kesi hiyo bila kusoma kitabu.

Kuhusu watu wanaokula kunde na nafaka maisha yao yote, hakuna haja ya kubahatisha. Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, tangu 2002 kimewaandikisha Waadventista wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada. Katika matokeo yaliyotolewa 2009, uzito ukilinganishwa na urefu, wasiokula kabisa vitu vya wanyama walikuwa na wastani wa 23.6, ambao ni wa kawaida. Wanaokula nyama walikuwa na 28.8, yaani wamezidi uzito. Wenye kisukari cha aina ya pili walikuwa asilimia 2.9 kwa wale wa kwanza, na 7.6 kwa wanaokula nyama. Utafiti wa namna hii huangalia maisha ya watu bila kuwapangia wale nini, kwa hiyo hauthibitishi chanzo kama jaribio linavyoweza. Hata hivyo, kama nafaka na kunde zingekuwa sumu kwa mwili, zingeonekana hapo.

Kwa upande wa nyama, mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoelekea kusababisha. Wanaouza paleo kwa picha za bekoni mezani hawasemi hilo. Mambo ya Walawi 11 ilikwisha kumwambia Mwadventista kuhusu nguruwe. Kuna na hili dogo ambalo wengi hulisahau: wanawake wa Umeå walipungukiwa madini joto. Asiyekunywa maziwa, na aliyeacha chumvi yenye madini joto, aangalie jambo hilo, na pia apate wapi kalsiamu ya mifupa. Mboga za majani na dagaa husaidia.

Liko jambo moja ambalo haliwezi kungoja Sabato. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, akiondoa wanga ghafla na kuendelea na dawa ile ile, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Huanza kwa jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Huweza kuishia kwa kuzimia. Asiache dawa mwenyewe, wala asibadilishe mlo kimyakimya. Aende kliniki kabla, aseme anataka kula nini, apime, na dawa irekebishwe na aliyeiandika. Mama shemasi hajamwambia daktari wake. Kati ya watu wote waliomnong'ona, hakuna hata mmoja aliyemwuliza kuhusu vidonge.

Soma Warumi 14:1–4. Paulo anawakataza nini wanaokula, na anawakataza nini wasiokula?

Kisha turudi kwenye meza ile ya chakula cha pamoja. Haina nyama, na wengi wameridhika kwamba kwa sababu hiyo ni meza ya afya. Iangalie vizuri. Kuna wali mweupe, ugali wa sembe, chapati zinazong'aa mafuta, kabichi iliyokaangwa mpaka ikalegea, juisi ya unga wa pakiti, na kreti ya soda chini ya meza. Sembe ni mahindi yaliyovuliwa ganda na kiini, mahali ambapo nyuzinyuzi na vitamini nyingi zilikuwa. Dona inasagwa kwenye mashine hiyo hiyo, mara nyingi kwa bei nafuu, lakini inaonekana kama chakula cha shida. Ulezi na mtama tumewaachia watoto na wagonjwa. Kitu pekee kwenye meza ile ambacho Danieli angekitambua ni lile sufuria la maharage, na mama shemasi amelipita.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena 1 Wakorintho 6:19, 20, ukizingatia kwamba Paulo alikuwa akizungumza na watu waliodhani mambo ya mwili hayahusiani na imani. Linganisha na 3 Yohana 2. Ellen G. White alipokea njozi ya afya huko Otsego, Michigan, Juni 1863, lakini alikuja kuiondoa nyama kabisa mezani pake mwaka 1894, akiwa Australia. Miaka 31 ilipita kati ya nuru na hatua hiyo. Wanaowaharakisha wengine wangetafakari jambo hilo.

Maswali ya Kujadili

1. Kama mama shemasi angekuuliza wazi swali alilolificha moyoni, ungeanza kumjibu wapi: kwenye Mwanzo 1, au kwenye soda na maandazi aliyoyaacha? Kwa nini?

2. Mtu anaweza kufuata mlo unaojengwa juu ya historia asiyoiamini, na akafaidika. Je, hilo linaleta hatari yoyote kwa imani yake, au ni kama kutumia dawa iliyogunduliwa na asiyeamini? Leteni hoja za pande zote.

3. Orodhesheni, bila kuona haya, vyakula vilivyokuwa kwenye chakula cha pamoja cha mwisho kanisani kwenu. Ni vingapi vilivyotoka shambani vikiwa kamili, na ni vingapi vilivyokobolewa, kukaangwa au kutiwa sukari? Nani hupanga orodha hiyo, na fedha zake hutolewa na nani?

4. Katika kanisa lenu, nani anajua ni washiriki wangapi wanaotumia vidonge vya sukari, na nani aliwahi kuwauliza wanakula nini?